Barua kutoka Garissa: Pale Kujuana Kunapoishia

Mpwa wangu mpenzi,

Joto la hapa Garissa halina upepo wa bahari wa kulipooza kama kwetu Mombasa. Watu hufanya shughuli zao alfajiri na baada ya alasiri. Kati ya hapo mji mzima huwa vivulini na chai ya maziwa ikizunguka. Saa hizo za kivulini ndizo zilizonipa nafasi ya kukujibu.

Uliniuliza uchague nini: shahada ya sheria ya miaka minne hapa nchini, au ile nafasi ya India ya miaka mitano, ambayo sheria na usimamizi wa biashara husomwa pamoja na mtu akatoka na shahada moja yenye majina mawili. Dada yangu anataka uwe wakili. Baba yako anasema wakili asiyejua hesabu huishia kuwaandikia matajiri barua. Siku ile nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la uzito la kusema. Sasa ninalo, na nimelipata kwenye soko la ng'ombe.

Safari kwanza. Basi la Garissa likitoka Mombasa hupita Malindi, hufika Garsen, na kuanzia hapo hupanda nchi sambamba na mto Tana: Hola, Bura, hadi Madogo. Karibu na mto utaona miembe na migomba ya Wapokomo. Ukigeuka upande wa pili ni nyika tupu na ng'ombe wa Waorma. Vizuizi vya barabarani ni vingi, na abiria huishi na kitambulisho mkononi. Baada ya Madogo unavuka daraja, maji ya rangi ya udongo yako chini yako, na uko Garissa, mlango wa Kaskazini Mashariki yote: Wajir mbele, Mandera mbali zaidi, Dadaab na mpaka wa Somalia mashariki.

Watu wa huku huitazama sheria kwa jicho la pembeni, na wana sababu. Mwezi uleule wa uhuru, Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili, ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari wasidaiwe kwa yale waliyoyatenda huku kati ya 1963 na 1967. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi hawakurudi nyumbani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika jambo hilo katika ripoti yake ya mwaka 2013. Utakapofundishwa kwamba palipo na haki pana njia ya kuidai, kumbuka kwamba mzee wa huku alikutana kwanza na sheria iliyomwambia asidai. Basi akabaki na ile aliyokuwa nayo tangu zamani: xeer, yaani mila za Kisomali, na sharia ya dini yake. Na sokoni, hizo zilimtosha.

Soko kubwa la mifugo ni Jumatano. Ng'ombe hufika kwa miguu na kwa malori, wengine kutoka Ijara na Wajir, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, pande za Afmadow. Mimi nilikuja kutafuta mbuzi, lakini mwenyeji wangu, mfanyabiashara wa ng'ombe, alinivuta niione biashara yenyewe. Bei haitajwi kwa mdomo. Dalali hushika mkono wa muuzaji chini ya kitambaa, vidole vikasema, kisha akaenda kwa mnunuzi na kushika mkono wake vilevile. Umati umewazunguka na hakuna anayejua wamefikia wapi.

Lakini kazi ya dalali haiishii kwenye bei. Akisema, "Ng'ombe huyu namjua," amejifunga. Akitokea mtu kesho kudai kwamba ng'ombe aliibwa malishoni, dalali ndiye wa kwanza kuulizwa, na nyuma yake unasimama ukoo wake. Katika somo la uuzaji wa bidhaa utafundishwa kwamba kila muuzaji huahidi, hata asipotamka, kwamba anayo haki ya kuuza. Hapa ahadi hiyo ina uso, na ina jina la babu. Mnunuzi wa mbali halipii ng'ombe peke yake, hununua pamoja naye neno la mtu anayejulikana, na asilimia ya dalali ndiyo bei ya neno hilo.

Mwenyeji wangu ana binti anayesoma mwaka wa tatu wa sheria Nairobi, na alikuwa nyumbani likizoni. Yeye ndiye aliyenitafsiria mengi ya pale sokoni, na jioni, mbele ya wali na nyama ya ngamia na ndizi mbivu pembeni kama wanavyopenda huku, akanionyesha upande mwingine. "Mjomba," akaniambia, "baba anajua bei ya kila ng'ombe mjini, ila hajui ni nani hajamlipa." Mzee akacheka, kisha akanihadithia. Alipakia lori la ng'ombe kwa mwenye bucha mmoja wa Nairobi, mtu aliyetambulishwa na rafiki wa rafiki. Awamu ya kwanza ililipwa, ya pili ikalipwa nusu, ya tatu simu ikazimwa. Hapakuwa na karatasi, dalali wa huko hakuwa na ukoo wa kuulizwa, na mzee hakujua aanzie wapi. Wenye maduka wa pwani hutundika ukutani ule usemi wao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Binti akasema kwamba deni lisilozidi shilingi milioni moja lina Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kisheria hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. "Lakini ningempelekea hakimu nini? Vidole vya baba?"

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jibu lako. Soko la Garissa linasimama kwa kujuana, na kujuana ni mali kubwa. Usije ukarudi kutoka chuoni ukakudharau. Ila kuna mahali kunapoishia. Ng'ombe wakivuka daraja, pesa zikiingia benki, kampuni ikitaka ardhi, kila mmoja huwa mgeni kwa mwenzake. Kuanzia hapo panahitajika mtu wa kuandika ahadi ili imfunge asiyejulikana, na wa kuhesabu ili ijulikane ahadi ile ina thamani gani. Kazi hizo mbili, ukizigawa kwa watu wasiosemezana, katikati yao ndipo mali ya watu hupotelea.

Hata mila zenyewe zimefika mpaka huo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed, baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini na fidia kutolewa kwa ngamia na mbuzi. Ombi lililetwa na upande wa mashtaka na likaegemea kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachotambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Mawakili wanabishana juu ya uamuzi huo hadi leo. Upatanisho wa aina hiyo huku wanauita maslaha, na wazee hufanya hivyo kila wiki kwa mambo madogo zaidi. Wanawake niliozungumza nao hawakuusifu kama wanaume: fidia hupokelewa na wazee wa ukoo, na aliyeumizwa hupata kilichobaki. Mirathi na talaka zina Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba imeilinda katika kifungu cha 170. Kwa hiyo wakili wa Garissa huingia asubuhi akiwa na mila, dini na sheria ya Bunge, na mteja humwuliza swali moja tu: nitapata kiasi gani, na lini? Hilo ni swali la sheria na la hesabu kwa pamoja.

Tuje kwenye fedha. Tangu mwaka 2017 tunayo sheria ya dhamana ya mali inayohamishika, inayomruhusu mtu kuweka rehani hata mifugo yake benki, rehani ikaandikishwa kwenye rejesta ya taifa. Kwenye karatasi, mfugaji mwenye ng'ombe mia ni tajiri anayekopesheka. Sasa kaa na benki. Ng'ombe hao mvua ikikosekana watahamia Tana River au watavuka mpaka. Watazaa, watakufa, watagawiwa jamaa. Na mfugaji mwenyewe hataki mkopo wa riba. Atauliza murabaha, ambapo benki hununua kitu na kukuuzia kwa faida iliyotajwa wazi. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza huduma za aina hiyo nchini mwaka 2008. Basi ni nani aliyebeba hasara ikiwa kitu kimeharibika kati ya mauzo ya kwanza na ya pili? Mhasibu ataona faida tu, na mwanasheria ataona mikataba miwili. Anayeona vyote viwili atakuambia kwamba uhalali wa biashara nzima umo katika muda ule mfupi ambao mali ni ya benki na hatari ni yake.

Mfano mzuri zaidi uko Wajir. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa, ikishirikiana na watafiti wa mifugo wa ILRI, ilianzisha huko bima ya mifugo inayofuata misingi ya Kiislamu. Hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima kijani cha malisho, na malisho yakikauka kupita kiwango kilichoandikwa, wanachama hulipwa kutoka kwenye mfuko wanaouchangia wote. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2014. Fikiria kazi ya kuandika mkataba ule: ukame ni nini, unapimwa na nani, na mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekufa huku setilaiti ikiona kijani ataambiwa nini? Sijui darasa la sheria peke yake linalomtoa mtu wa kuuandika, wala darasa la biashara peke yake.

Na biashara isiyo na mwanasheria wake inaweza kufungwa kwa siku moja. Aprili 2015, baada ya shambulio la chuo kikuu hapa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, zile za hawala ambazo familia nyingi hupokelea msaada wa jamaa walioko ng'ambo. Leseni zilirudishwa miezi michache baadaye, kwa masharti ya usimamizi makali zaidi. Katika miezi hiyo karo, chakula na mitaji ya vibanda ilikwama. Mwenyeji wangu anasema ndipo alipoamua binti yake asome sheria.

Chuo chenyewe nilikitembelea. Kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kwenye majengo ya kilichokuwa chuo cha ualimu. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 humo, wengi wao wanafunzi wa rika lako waliotoka kila pembe ya Kenya. Masomo yalirudi Januari 2016, na Oktoba 2017 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Garissa kamili. Nilikuta vijana wa biashara wakibishana juu ya kodi chini ya mti, Wasomali, Wakamba na Waluhya pamoja. Biashara wanaisoma hapa. Anayetaka sheria hupanda basi la Nairobi. Ukiambiwa kwamba mtu huuza ng'ombe kusomesha mwana, huku si msemo. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi una riba ya asilimia 4, na wapo wanaoukataa kwa ajili ya dini, hivyo mzigo hurudi kwenye zizi na kwa ami aliyeko Minneapolis.

Lakini lililonikesha ni ardhi. Sehemu kubwa ya Garissa ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema namna ya kuimiliki: jamii ijiandikishe, iwe na daftari la wanachama wake, ichague kamati ya watu kati ya 7 na 15. Mpaka itakapofanya hivyo, serikali ya kaunti huishika ardhi hiyo kwa amana. Na mwekezaji akija, mkataba wake hauna nguvu mpaka thuluthi mbili ya mkutano wa jamii iukubali. Ni sheria nzuri kuisoma. Sasa itazame ikitembea. Nje ya mji kuna mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019. Ushoroba wa uchukuzi wa LAPSSET umechorwa kutoka Lamu kupitia kaunti hii kwenda Isiolo. Kampuni itafika na wanasheria wake, wahasibu wake, na makadirio ya mapato ya miaka mingi ijayo. Upande wa pili wa meza watakaa wazee wanaojua kila kisima na kila njia ya ngamia, na ambao maisha yao yote wamepatana bei kwa vidole.

Binti wa mwenyeji wangu alinipa zoezi ambalo nakupa na wewe. Kampuni inaahidi jamii asilimia fulani ya faida kwa miaka 30. Mwanasheria atauliza: ahadi imeandikwa vizuri? Imeandikwa. Mkutano umekubali? Umekubali. Basi halali. Lakini faida ni nini? Ni ile inayobaki baada ya mkopo, mishahara ya wakubwa, ada anazojilipa mwenye kampuni kupitia kampuni yake nyingine, na uchakavu wa mitambo. Inawezekana jamii ikangoja miaka mingi faida iwe sifuri kila mwaka, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Anayejua kusoma mizania angeomba asilimia ya mauzo badala ya faida. Anayejua sheria angeandika haki ya jamii kukagua vitabu. Lazima hayo mawili yaingie katika mkataba mmoja, kabla ya kidole gumba kugusa wino.

Sasa jibu lako. Kozi ya kuchanganya ina maana, baba yako yuko sahihi hapo. Lakini ningekuwa wewe ningebaki Kenya, na sababu yangu ni hii: hesabu husafiri, sheria haisafiri. Mizania utakayojifunza India ndiyo hii ya Garissa. Ila sheria ya ardhi ya huko ni ya Wahindi, na ya makampuni ni yao pia, wakati yetu ni ya mwaka 2015. Ukirudi, Baraza la Elimu ya Sheria litaitazama shahada yako upya na kuuliza kama masomo 16 ya lazima yaliyotajwa katika sheria ya mwaka 2012 yamo yote. Kisha bado kuna Kenya School of Law pale Karen, mitihani tisa na miezi sita ya uanagenzi. Kama bado moyo wako uko India, usilipe hata shilingi kabla ya kuweka orodha yao ya masomo kando ya orodha ile ya 16 na kupata jibu la Baraza kwa maandishi.

Ukibaki, utashangaa biashara iliyomo ndani ya hayo 16: mikataba, sheria ya biashara, makampuni na ufilisi, mali, kazi, amana. Kinachokosekana ni uhasibu, kodi na fedha. Hivyo vina njia yake tangu KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ilipoanzishwa mwaka 1969, na watu wengi huvisoma jioni wakiwa vyuoni au kazini. Itakuchosha. Lakini utatoka ukiwa na sheria ya nchi yako na hesabu za dunia, kwa gharama ambayo dada yangu anaweza kuibeba bila kuuza kiwanja.

Na kujuana je? Hiyo haina mtihani, na hakuna chuo kinachoifundisha. Mwenyeji wangu ana jamaa zake pande za Ijara wanaoanza kuandaa daftari la jamii yao ili waombe usajili wa ardhi. Wanahitaji vijana wa kuandika majina, kuuliza nani ni nani, na kusikiliza wanawake ambao majina yao huwa yanasahauliwa. Binti yake atakuwepo Agosti na amesema chumba chake kina nafasi ya mgeni. Malipo hakuna, ila chakula kipo, na nyama ya nyirinyiri utakula mpaka useme basi. Njoo kwa hiyo kazi kabla hujajiandikisha popote. Ukiona kuandika ukoo wa mtu kwenye daftari kunakuchosha, basi si sheria tu, hata biashara utafute nyingine.

Nijibu mapema, maana mabasi ya Agosti hujaa wanafunzi. Nisalimie wote, na umwambie dada yangu kwamba sikumwonea: wakili atampata. Baba yako mwambie daftari nalo limo.

Ni mimi mjomba wako,
Garissa